Mbili Iliyobaki Nje ya Mabano

Mwaka ule wa vita barabara ya kupitia Mboko ilifungwa, kwa hiyo sisi tuliokuwa tunamaliza sekondari Baraka tulipaswa kwenda Uvira kwa boti kufanya mtihani wa Serikali. Nafasi za wanafunzi zilikuwa kumi. Sisi tulikuwa kumi na wanne, na msichana nilikuwa peke yangu. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyepewa kuchagua, ubaoni, mmoja mmoja.

Hakuwa mtu mbaya, ila aliiabudu kompyuta ya parokia. Ilikuwa na programu ya aljebra: unaandika hesabu ya herufi, yenyewe inaivunja kuwa mabano yanayozidishana. Ili iwake tulichanga petroli ya jenereta, kila mmoja kikombe chake. Na mimi nilitoa changu.

Zamu yangu ilipofika, mwalimu aliandika x² + 6x + 11 kwa kipande cha muhogo mkavu, maana chaki ziliisha zamani. Akataka thamani yake ndogo kabisa. Nikaigawa ile kumi na moja, tisa huku, mbili kule. Tisa ikaingia mabanoni, mbili nikaiacha nje: (x + 3)² + 2. Mraba haushuki chini ya sifuri, basi jibu ni mbili.

Akaiambia mashine ivunje hesabu yake. Ikamrudishia vilevile, haikugusa kitu.

"Umeona? Mashine inakatala. We unavunja na nini?"

"Mwalimu, sikuvunja yote. Nilivunja ile sehemu yenye inakubali."

"Kazi ya nusu siitaki. Ikala chini."

Wavulana wakacheka. Nilikasirika. Mama alikuwa akipita katikati ya askari kwenda kulima mihogo Nundu ili mimi nisome, halafu nikalishwe chini na sanduku linalokunywa petroli yangu?

Sikukaa.

"Basi uiambie ifungue mabano yangu, mwalimu. Mafuta yangu pia iko ndani."

Akaandika, uso umemkunjamana. Mashine ikatoa x² + 6x + 11. Akafuta ubao, akasema zamu yangu imekwisha.

Kesho yake orodha ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa tulimosomea. Majina kumi, langu halimo. Nikatoa kalamu, nikaliandika chini yao, kwa herufi kubwa kuliko zote. Wenzangu wakanionya kwamba nitafukuzwa. Nifukuzwe wapi, na shule yenyewe ilishakimbia madarasa yake?

Siku ya safari nilitangulia ufukoni. Mwalimu, ambaye ndiye angetusindikiza, alikuwa ameshaweka begi lake botini. Akasoma majina kwenye orodha ileile, watu kumi wakapanda, boti ikajaa, ikabaki nafasi yake tu. Akafika kwenye mwandiko wangu. Alinitazama, nami sikuinamisha macho.

Akalisoma jina langu kwa sauti. Kisha akashusha begi lake, akabaki mchangani.

Sikumwambia asante. Nilipanda, nikakaa mahali pangu.