Chale za Mama wa Dirma

Siku ile dukani tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike anayepokea wateja, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa likizo kutoka chuoni, mzee mmoja Mbarabaig, mfugaji wa kijiji cha Dirma, na binti yake wa kwanza. Mke wa mzee alikuwa kwenye picha tu. Alikuwa amefariki.

Duka letu la picha liko mjini Katesh; sisi ni Wambulu, watu wa jembe. Nililianzisha baada ya wazazi kufa, nilipoacha shule ili wadogo zangu wasiache. Kazi iliyotulisha ni kusafisha picha za zamani, zilizokunjwa au kuliwa na moshi. Nilikuwa na plagini ya siku nyingi, programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya picha. Nilikuwa napaka penye mkwaruzo, nayo inaziba hapo tu.

Wiki ile mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameniwekea mfumo mpya kwenye kompyuta. Ilikuwa zawadi yake kwangu. Mashine ikawa nyepesi, lakini plagini ikatoweka. Programu mpya ya picha ilikuwa na usafishaji wake, unaojiendesha wenyewe. Nikautumia huo kwa picha ya mke wa mzee.

Binti aliipokea picha, akamtazama baba yake. Mzee akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, baba."

"Chale zake ziko wapi?"

Nukta zilizozunguka macho yake, alizochanjwa akiwa msichana, kompyuta ilizichukulia kuwa uchafu wa karatasi. Ikamwachia uso laini kama wa mtoto.

"Nyie Wambulu," mzee akasema taratibu, "malisho yetu mmelima. Sasa mnalima mpaka uso wa mke wangu."

Mdogo wangu wa kike akacheka, akajiziba mdomo. Binti hakucheka.

"Kaka, mama hana picha nyingine," akaniambia. "Wadogo zangu hawamkumbuki. Mkiwaonesha huyu, watamjua huyu."

Sisi hatuna picha ya mama hata moja. Mdogo wetu wa mwisho huniuliza alikuwaje, nami humjibu kwa uhakika mkubwa kuliko ule nilio nao.

Nikamwambia airudishe plagini. Akanakili faili lake la akiba kwenye folda ya programu mpya, likakataa kusomeka.

"Kaka, hii ilitengenezwa kwa mashine za zamani. Tuiache."

"Hatuiachi."

Tulipekua boksi la karatasi za picha mpaka tukaipata CD ya programu yetu ya kwanza. Tukaiweka kwenye kompyuta bila kuifuta ile mpya, tukapachika plagini humo. Programu hiyo ilipofunguka, plagini ikaonekana mahali pake. Nikaanza upya na picha kama ilivyoletwa. Binti akavuta kiti karibu, na nilipofika machoni akawa ananionesha kwa kidole.

"Hiyo chale, iache. Huo mkunjo, ziba. Hiyo nayo chale."

Mzee aliipokea picha kwa mikono miwili.

"Mama yangu mimi bado yuko hai, na chale zake zote," akasema. "Njoo Dirma umpige picha, kabla kompyuta yenu haijabadilika tena."

Siku ya mnada aliniletea kondoo, malipo ya safari hiyo. Kisha mvua zikakata njia, yakaja mavuno, zikaja shughuli za chuo cha mdogo wetu. Kondoo amekwisha kuzaa uani kwetu, na Dirma sijaenda.