Mwanamkasi na Kijimrija cha Hasina

Mwanamkasi wa mtaa wa Mabawa, Tanga, si mwanamke wa kupayuka, lakini akishikilia jambo, hata ufanyeje hang'oki. Ung'ang'anizi huo ndio uliomwokoa mwanawe.

Tumbo lilimtesa Hasina tangu utotoni. Majirani wakasema chango, akanyweshwa mizizi michungu asipate nafuu. Mwisho madaktari wa Dar es Salaam wakagundua kwamba mfereji wa kongosho, unaopitisha maji ya kusaga chakula, umebana. Wakapitisha mpira mwembamba mdomoni, wakaupanua mfereji kwa kijimrija cha plastiki walichokiacha humo. Binti aliyekuwa akigaagaa kitandani akarudi shuleni Raskazone, mashavu yakamjaa.

Mama yake akawa anampikia mchuzi kando, usio na tui, maana daktari alimkataza mafuta. Tanga hii, ati, mchuzi bila tui! Wenzake wakamcheka, naye akacheka nao, akaendelea kukoroga.

Bibi Zuwena, mama mkwe wake, akasomesha dua ya shukrani, watu wakala wakashiba. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Daktari alikwisha kusema kijimrija hakikai milele. Baada ya miezi kadhaa kitolewe, kiwekwe kingine, la sivyo kitaziba. Bibi hakutaka kusikia.

"Dua imeshasomwa, Mkasi. Mtoto mzima unamrudisha hospitali, huko si kukufuru? Akipatwa na lolote, utajibu wewe."

"Niwie radhi, Mama. Mungu nimemshukuru. Lakini safari iko palepale."

Na Hasina hakuwa na maumivu hata chembe, ndiyo balaa yenyewe. Mwanamkasi aliogopa, tena sana. Je, kama mkwewe ndiye mwenye haki? Hata hivyo akamshika mwanawe mkono, wakapanda basi la Dar es Salaam.

Mlangoni pa chumba cha matibabu alisimama peke yake, akimwomba Mungu. Daktari akatoka na kile kijimrija ndani ya kikopo. Kilikuwa kimeziba kabisa.

"Mngechelewa, maumivu yangerudi, pengine makali kuliko mwanzo," akasema. "Tumeshamwekea kingine. Yu salama."

Mwanamkasi akaketi sakafuni, akalia machozi aliyoyazuia tangu ugonjwa uanze. Jamani, mwanamke huyu ana moyo. Alipotulia akampigia simu mkwewe, akamweleza yote bila kumsuta hata neno.

Bibi Zuwena akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na hicho kipya kitatolewa lini?"

"Kabla mwezi wa Ramadhani haujafika, Mama, tutakuwa tumerudi huku."

"Haya. Safari hiyo, mwanangu, hutasimama mlangoni peke yako."