Diski Moja, Vyumba Vinne

Aliposoma kwa mara ya nne kwamba "mito hula kingo zake taratibu," Msomaji alivua hedifoni, akaziweka mezani, akaikazia macho skrini kama mtu aliyetukanwa na mgeni wake mwenyewe. Katikati ya neno "kingo" palikuwa na mkwaruzo. Haukuwa mkubwa, ulikuwa kama karatasi inayochanwa chumba cha pili. Lakini ulikuwapo, na mara zote nne ulikuwapo, kila mara mahali pengine.

Watu walimwita Msomaji kwa sababu ndiyo kazi yake. Miaka thelathini na mmoja alisoma taarifa ya habari redioni, na alipostaafu, shule ya wasioona iliyokuwa mtaa wa pili ilimwomba awasomee wanafunzi vitabu vyao vya masomo ili wavisikilize. Alikubali hata kabla ombi halijaisha kutamkwa. Stoo ya nyumba ikageuka studio: magodoro mawili makuukuu ukutani, blanketi zito mlangoni, maikrofoni juu ya rundo la kamusi. Skrini ilikaa ndani naye. Sanduku la kompyuta likawekwa nje, kwenye korido, ngurumo zake zisije zikaingia kwenye sauti.

"Baba!" aliita. "Kompyuta yako imerudia tena."

"Haiwezekani," mumewe alijibu kutoka sebuleni. "Nimeipanga."

Kupanga ndiko kulikokuwa msiba wenyewe. Mzee huyu alikuwa mpima ardhi maisha yake yote, na alipokabidhiwa kompyuta aliikata viwanja. Ndani ya sanduku mlikuwa na diski tatu: moja kuukuu, moja ya umri wa kati, na moja mpya, zawadi ya binti yao, ya zile zenye kasi ambazo hazina kitu kinachozunguka ndani. Ile kuukuu aliigawa vyumba vinne: cha mfumo wa kompyuta, cha programu, cha sauti, na cha nakala za sauti. Kila chumba akakipa herufi, kisha akachora ramani yake kwa kalamu ya wino na kuibandika ukutani kwenye korido. Ile ya umri wa kati akaiacha tupu, akasema ni akiba. Na ile mpya, yenye mbio kuliko zote, akaijaza picha za ramani zake za kazini, kwa hoja kwamba kitu cha thamani hukaa kwenye kabati jipya.

"Baba, hizo ramani unazitazama lini?"

"Siku nikizihitaji."

"Mara ya mwisho ulizihitaji lini?"

"Usinipeleke mahakamani, mama."

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mwalimu wa jiografia alibisha hodi. Alikuwa kijana bado, asiyeona tangu utotoni, na hakuja kunywa chai.

"Mama, ukurasa wa sitini na mbili una mikwaruzo kumi na saba. Nimeihesabu. Wanafunzi wanadhani ni sauti ya mmomonyoko."

"Mwalimu, ukurasa huo nimeusoma mpaka mito imelijua jina langu."

Mwalimu alimwomba arudi ndani arekodi kidogo, mwenyewe akachuchumaa kwenye korido na kuweka kiganja juu ya sanduku. Mpima alisimama kando, mikono nyuma, kama bosi aliyeletewa mkaguzi. Msomaji alisoma aya mbili, akatoka.

"Humu mna diski moja inahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema mwalimu. "Nyingine imelala usingizi wa pono."

"Haiwezi kuhangaika," alisema Mpima. "Kazi nimezigawa vyumba vinne."

"Mzee, kwa heshima zote, vyumba ni vinne lakini mtumishi ni mmoja. Diski ya namna hii ina mkono mmoja tu wa kusomea na kuandikia. Mama akitamka neno, mkono unakimbilia chumba cha sauti. Hapohapo mfumo unauita kule mwanzo. Hujakaa sawa, umeuamuru upeleke nakala chumba cha mwisho. Kuta ulizochora hazikuongeza mkono wa pili."

Mpima aliitazama ramani yake ukutani kama mtu aliyeambiwa kwamba mto aliopima unatiririka upande wa pili.

Dawa, alieleza mwalimu, ilikuwa kuipa kila diski kazi yake. Mfumo na programu viende kwenye ile mpya. Sauti irekodiwe kwenye ile ya umri wa kati, peke yake, bila jirani. Kuukuu ibaki ghala la nakala, tena nakala zipelekwe mama akishamaliza kusoma, si anaposoma.

"Na ramani zangu?"

"Ghalani, mzee."

"Kwenye kuukuu!"

"Zimestaafu, baba," alisema mkewe. "Zipumzike."

Ilichukua nusu ya siku kumshawishi, na siku mbili nyingine kuhamisha, kwa sababu Mpima alikataa msaada wa mtu yeyote. Siku ya tatu alitangaza kwamba kila kitu kiko mahali pake. Msomaji akaingia stoo, akavaa hedifoni, akasoma sentensi tatu. Mkwaruzo. Akasoma tena. Mikwaruzo miwili.

"Labda ni koo lako," mumewe alisema kupitia blanketi.

"Koo langu!"

Alitoka, akampita bila kumtazama, akaenda kukaa uani kwenye kigoda. Mpima angependa zaidi agombezwe. Alizunguka korido mara mbili, akameza kiburi chake, akampigia mwalimu.

"Izime, uiwashe, unisogezee simu," mwalimu aliagiza. Akasikiliza. "Inakoroma ile kuukuu. Mzee, mfumo umeunakili kwenye diski mpya, lakini hukuiambia mashine iamkie huko. Inarudi nyumba ya zamani kwa mazoea."

Mpima alivaa miwani, akaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, akakosea kubonyeza mara tatu, hatimaye akaitanguliza diski mpya. Kompyuta iliwaka kwa haraka na kwa ukimya hivi kwamba alidhani imekufa, nusura aichomoe umeme.

Akatoka uani. "Mama, kosa si la koo lako."

"Sijasikia vizuri."

"Nimesema si la koo lako."

"La nani?"

"La mashine."

Mkewe alikunja mikono kifuani.

"Na la aliyeipanga mashine," akamalizia.

Alasiri hiyo Msomaji alisoma sura nzima ya mito kwa mkao mmoja. Dakika ishirini, thelathini, sauti inaingia safi kama maji ya mtungi. Alikuwa amebakiza aya moja ya mwisho pale blanketi liliposogea na kichwa cha Mpima kikachungulia.

"Inaendaje?"

Msomaji alifumba macho. Akamtoa kwa kidole, akaifuta sehemu ile, akaanza aya upya. Kesho yake aliita seremala, akamwagiza aweke mlango kwenye stoo, na komeo kwa ndani.