Mama Mnara, mlinzi wa waliopotea ufukweni

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumapili. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anasimama kwenye ngazi ya arobaini na mbili ya mnara wa zege, anashika goti lake la kushoto na kulisemesha: "Zimebaki kumi na tisa tu. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Goti linakubali. Anafika juu, anaweka chini chupa ya chai, anafuta kioo cha darubini kwa pindo la sweta, kisha anapuliza kipaza sauti mara mbili. Huko chini, ufukwe mzima unageuza shingo.

"Wageni wetu, habari za asubuhi. Mtoto mwenye kaptula ya njano na kiatu kimoja yuko hapa kwenye benchi. Anasema baba yake ni mrefu na anakoroma. Baba mrefu anayekoroma, njoo umchukue mwanao."

Wanaume watatu wanainuka kwenye mikeka yao. Wawili wanatazamana, wanakumbuka kwamba wao hawakuja na watoto, wanakaa.

Huyu ndiye Mama Mnara. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu, kwani hata mumewe, fundi cherehani, humwita hivyo nyumbani anapoomba chumvi. Kwa miaka kumi na minne kazi yake imekuwa moja: kuhakikisha kila aliyeingia kwenye bustani hii ya ufukweni akiwa na ndugu zake anatoka na ndugu wale wale.

Bustani yenyewe ilikuwa kambi ya jeshi wakati wa vita vile vikubwa vya zamani. Mizinga miwili bado imeelekezwa baharini, na katikati yake zimefungwa bembea. Chini ya kilima kuna handaki refu lenye matawi matatu, ambalo kina baba wa familia hupenda kuliingia wakieleza mambo ya vita wasiyoyajua. Ghala la risasi limekuwa chumba cha kubadilishia watoto nepi.

"Milipuko haijakoma," anasema Mama Mnara.

Mnara ulijengwa ili askari waziangalie meli za adui. Daftari lao la zamu limehifadhiwa kwenye kabati la kioo chini ya ngazi, na kwa miaka mitatu mfululizo kila siku imeandikwa sentensi ile ile: Hakuna kilichoonekana. Adui hakuja hata siku moja.

"Wao waliwekwa hapa kumngoja mtu asiyekuja," anasema. "Mimi nimewekwa kuwatazama wanaokuja na kutawanyika kama vifaranga. Sasa niambie, nani ana kazi?"

Mwaka jana pekee waliopotea walikuwa mia nne na kumi na wawili. Watoto walikuwa mia tatu sabini na mmoja. Kati ya watu wazima arobaini na mmoja waliobaki, ishirini na tisa walikuwa waume za watu, na kwa maoni ya Mama Mnara wengi wao walijipoteza kwa hiari.

Ana taratibu zake na hazina mzaha. Getini kila mgeni hufungwa utepe mkononi: mwekundu kwa wanaokaa upande wa mizinga, wa kijani kwa wa bembea, wa bluu kwa wanaotandika mikeka karibu na mabafu. Tepe hizo mumewe huzikata kwenye vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani. Anayezifunga ni mlinzi wa geti, mzee mcheshi aitwaye Kamanda, ambaye jeshi amelionea kwenye kalenda.

Utaratibu wa pili ni kwamba jina la mtu halitangazwi. "Ukilitaja jina la mtoto, kila mwenye nia mbaya atamwita kwa jina hilo, na mtoto atamfuata," anaeleza, na hapo hatanii. "Mimi nataja nguo. Jina atalitaja mzazi mwenyewe, tena mbele yangu."

Utaratibu wa tatu ni benchi. Aliyepatikana hukaa hapo, chini ya mnara, mpaka aliyekuja naye atie saini. Hakuna anayejiondokea.

Mambo haya hakufundishwa na mtu. Alikuja hapa kama mgeni, na mwanawe kitinda mimba, aliyekuwa na miaka mitano, akatoweka kwa saa mbili na nusu. Walimkuta kwenye chumba kidogo mwisho wa handaki. Mlango wake wa nondo ulikuwa ukijifunga wenyewe na kufunguliwa kwa nje tu. Mtoto alikuwa amelia mpaka akalala, mkono mmoja umeshika nondo.

"Kile kimkono mpaka leo nakiona," anasema, kisha anaitazama bahari kwa muda bila kuitumia darubini. "Nikaenda ofisini kulalamika. Msimamizi wa wakati ule akaniambia, kama wewe unajua sana, fanya wewe. Nikaenda kulalamika, nikarudi na ajira."

Mshahara wa ajira hiyo anaulinganisha na blanketi fupi: ukifunika miguu, kichwa kinabaki nje. Hata hivyo hajawahi kuomba kuhama. Alichoomba ni kung'olewa kwa kitasa cha mlango ule wa nondo, na aliomba kwa barua nne. Hakujibiwa hata moja. Basi akatafuta jiwe la ukubwa wa boga, akawa kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, anaenda kuliegemeza mlangoni ili usijifunge.

Barua iliyokuja kutoka ofisini ilikuja kwa jambo lingine. Miezi mitatu iliyopita aliarifiwa kwamba mnara utageuzwa kuwa mgahawa wa juisi, kwa kuwa una mandhari nzuri. Waliopotea watatafutwa na kamera. Yeye atahamishiwa dirisha la tiketi, "ambako kuna kiti". Barua ilikuwa na heshima nyingi sana, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kiti!" anasema. "Kwenye tiketi utaona mikono tu. Mkono utakwambia nini? Niliogopa, sikufichi. Nililia jikoni, mume wangu akadhani ni vitunguu, kumbe nilikuwa nachemsha maji."

Mumewe anakiri kosa hilo. "Mke wangu anajua walipo watoto wa watu wote," anasema. "Miwani yangu ikipotea ananiambia nitafute mwenyewe. Lakini wakimtoa mnarani, mimi nitaishi na nani? Atanihesabu nyumba nzima."

Jumapili moja mkurugenzi wa bustani akaja mwenyewe kupima eneo. Alifuatana na karani na dereva, na mkononi alishika futikamba mpya. Getini Kamanda akamnyooshea utepe.

"Mimi ni mkurugenzi," akasema.

"Ndiyo, bosi," Kamanda akajibu. "Mkurugenzi wa upande wa bembea au wa mizinga?"

Mkurugenzi akapita bila utepe. Akapima mnara, akapima benchi, kisha akasema handaki lingefaa kuwa stoo ya juisi. Akawaacha wenzake nje, akaingia peke yake akipima ukuta.

Mwisho wa ukuta ule ni chumba kidogo chenye mlango wa nondo. Mlangoni alikuta jiwe. Jiwe lilikuwa linaharibu kipimo. Akaandika kwenye karatasi yake "takataka ziondolewe", akalisukuma kwa kiatu, akaingia ndani kupima. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, kwa adabu kabisa.

Simu haikushika mtandao, kwani zege la kule ni nene kuliko urefu wa mkono. Kulikuwa na kidirisha kimoja cha hewa. Akakiendea apige kelele za kuomba msaada. Kabla hajafungua mdomo akasikia maji yakimwagika na sauti za wanawake wakicheka. Kidirisha kilikuwa kinatazama mabafu ya kina mama.

Mkurugenzi amekubali kuzungumzia siku hiyo kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe, na kwa kuwa pale majina hayatangazwi, amepata alichotaka. "Nilijiuliza nikipiga kelele nitasema nini," anasimulia. "Jamani, mimi ni mkurugenzi, niko dirishani? Nani angenielewa? Nikakaa chini. Nikanyamaza."

Alinyamaza kwa dakika hamsini. Huko nje karani alipanda ngazi sitini na moja akihema na kumwambia Mama Mnara kwamba bosi haonekani.

Mama Mnara hakucheka. Anasema alitaka, lakini mtu aliyepotea ni mtu aliyepotea. Akashika kipaza sauti.

"Wageni wetu, tunamtafuta mtu mzima, mwanaume. Amevaa shati la samawati lililopigwa pasi, na viatu visivyo vya ufukweni. Ana futikamba. Ana kitambi cha wastani. Hana utepe."

"Mama, kitambi ungekiacha," karani akanong'ona.

"Nikikiacha, tutamtambuaje?"

Hakuna aliyejitokeza. Ndipo akamuuliza karani swali ambalo huwauliza wazazi wote: aliyepotea alikuwa akienda huku anatazama wapi? Mtoto anayetazama juu atafuata tiara, anayetazama chini atafuata kaa, na mwanaume anayetazama pembeni atafuata redio yenye mpira.

"Alikuwa anatazama futikamba," karani akasema. "Anapima ukuta."

Mama Mnara akaiweka chini darubini. Anayefuata ukuta wa handaki lile bila kuinua macho hufika mahali pamoja tu, na mahali hapo aliwahi kumtoa mwanawe.

Akatangaza tena. "Kina mama mlioko mabafuni, tafadhalini jisitirini, na msishtuke. Tunakuja kumtoa mtu ukutani."

Kelele zilizofuata, Kamanda anasema, zingewafukuza adui wa vita vyote viwili, vya zamani na vijavyo.

Alishuka ngazi zote bila kulisemesha goti. Alipofika kwenye nondo alimkuta mkurugenzi ameketi sakafuni, shati limeshika vumbi, mkono mmoja umeshika nondo. Hasira alizokuwa amezibeba miezi mizima hakuziona tena.

"Pole, baba," akamwambia. "Umekunywa maji leo?"

Lakini utaratibu ni utaratibu. Mkurugenzi alipelekwa kwenye benchi, akafungwa utepe wa bluu, akakaa kati ya watoto wawili. Mmoja wao, binti wa miaka minne hivi, alimtazama kwa huruma, akamvunjia nusu ya biskuti yake.

"Usilie," akamwambia. "Mama yako anakuja."

Ikaja kazi ya kutia saini. Karani alisema cheo chake hakimruhusu kumpokea bosi. Wakabishana kidogo, mwishowe saini ikatiwa na dereva. Kwenye nafasi ya uhusiano aliandika: Huwa namrudisha.

"Wahenga walisema aliye juu mngoje chini," Kamanda anatania. Mama Mnara anamkatiza: "Huyu sisi tulimngoja bafuni."

Kabla ya kuondoka mkurugenzi aliuliza kama kamera isingemwona. Mama Mnara alimjibu kwamba ingemwona akiingia, na ingeendelea kuutazama mlango wa handaki mpaka leo. Walioliona gari likitoka getini wanasema utepe bado ulikuwa mkononi mwa mkurugenzi.

Jumanne iliyofuata, saa mbili asubuhi, mafundi wawili walikuja kuking'oa kitasa. Barua nne kwa miaka kumi na minne hazikufua dafu, dakika hamsini zikatosha. Baada ya wiki mbili ikaja barua nyingine kutoka ofisini: mpango wa mgahawa umesitishwa kwa muda, na ngazi zitawekewa vyuma vya kushikia.

Mama Mnara hutembea na barua hiyo mfukoni. "Hilo neno 'kwa muda' nalijua," anasema. "Hata mimi nipo duniani kwa muda. Lakini vyuma vya kushikia havijengewi mtu anayehamishwa, au sivyo?"

Saa nane mchana mwandishi wa makala haya anaomba kwenda kukiona chumba kile. Anaelekezwa njia, anaambiwa ashike tawi la kulia, anaitikia huku akiandika. Dakika ishirini baadaye anatokea kwenye chumba cha nepi, na anapojaribu kurudi anatokea hapo hapo tena. Juu ya kichwa chake, kipaza sauti kinapulizwa mara mbili.

"Wageni wetu, tunamtafuta mtu mzima mwenye daftari. Ana kalamu sikioni na anatafuta kalamu."

Saa kumi na mbili jioni ufukwe umebaki na alama za miguu. Kamanda anafunga upande mmoja wa geti. Mama Mnara anaketi kwenye benchi lake, ananyoosha goti na kufungua daftari, la kumi na nne tangu aanze. Kila ukurasa unaishia kwa maneno yale yale: Wote wamekwenda kwao.

Ana miaka saba kabla ya kustaafu, na ombi lake si kubwa. Anataka siku hiyo ikifika, daftari lake moja, lolote, liwekwe ndani ya kabati la kioo kando ya lile la askari. "Watu wasome yote mawili," anasema. "Wale hawakumwona mtu. Mimi niliwaona wote."

Anarudi kwenye ukurasa wa leo na kuandika polepole: Watoto wanane. Shangazi mmoja. Mwandishi mmoja. Kisha kalamu inasimama juu ya mstari, haishuki.

Mwandishi anamuuliza mbona hamalizii.

"Nitamaliziaje na wewe bado umekaa?" anasema Mama Mnara. "Daftari hili halijawahi kusema uongo. Inuka, mwanangu, nenda kwenu."