Kanga Tatu Juani

Habari ya kifo chake ilinikuta nyumbani kwangu Kambarage nikianika nguo, na sikuiamini hata kidogo. Mimi ni mtu wa shaka, wasomaji wangu mnanijua. Nikiambiwa mvua inanyesha, natoa kwanza mkono dirishani. Lakini simu ilikuwa ya kweli: yule dada aliyekuwa akiwapikia wachimbaji ugali na dagaa pale machimboni Bugarama amefariki kwa malaria, pamoja na mimba yake ya kwanza.

Kwa shaka, marehemu alinishinda mbali. Masufuria yake hayakukosa vifuniko, na mteja akichungulia alifokewa: "Wewe, unatazama mboga au unaisemea maneno?" Tulicheka sana. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye jua kali kajifunga kanga tatu. Nikamtania, "Umenenepa, au kuna mgeni?" Akanivuta nyuma ya jiko, akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Nyamaza, mayu! Huku mimba changa haitangazwi, wenye husuda wataitoa." Nikamwuliza habari za kliniki. "Benchi la kliniki lina macho! Na malaria hainiwezi, nimekua nayo." Ni kweli, tangu awe mtu mzima homa ilikuwa ikimpitia juu juu tu.

Muuguzi mmoja alinieleza baadaye kilichomponza, nami nilimbana kwa maswali mpaka akachoka. Mtoto, nusu yake ni baba. Kwa walinzi wa mwili wa mama, huyo ni mgeni. Basi kinga hujipanga upya ili isimfukuze. Hailali, ila hupunguza ukali hapa na kuongeza pale. Tena ujauzito huleta kondo la nyuma, na humo vimelea vya malaria hujificha kwa namna ambayo mwili wenye mimba ya kwanza haujawahi kukutana nayo. Kinga yake ya miaka yote haikutosha. Ndiyo maana kliniki hutoa chandarua na vidonge vya kuzuia malaria. Yeye aliwakwepa majirani, mbu wakamwona.

Msibani nilikuta wamekwisha kumpata mchawi: jirani muuza maandazi, kaachiwa mkeka mzima peke yake. Nani kawaambia? Inanikera, jamani, nasema wazi! Mwili wa mama unajua nani wa kumshuku na nani wa kumpokea. Sisi tunashuku watu na kumwamini mbu. Kando yangu alikaa mdogo wa marehemu, kajifunga kanga mbili juu ya gauni, mkono hauondoki tumboni.

"Una miezi mingapi?" nikamwuliza.

"Shusha sauti, mayu."

Sikushusha. Nikamwuliza kama ameshakwenda kliniki. Muuza maandazi akasikia, akainuka kwenye mkeka wake, akaja mbele yetu. "Kesho asubuhi ni kliniki," alisema. "Nitakusindikiza, mwanangu."

Watu wote walikuwa wanatutazama. Binti akasimama, akazifunga kanga zake upya, safari hii chini ya tumbo, wote walione.