Folda ya Mbolea

Usiku ule Mwajuma hakulala. Mchana, sokoni Lushoto, alisikia kwamba binti mmoja wa huku milimani ameanguka kutoka ghorofani kwa tajiri wake Maskati. Mwanamisi wake alikuwa huko huko, na tangu msimu wa njegere mama mtu hakuwa amepata neno lake hata moja. Alikaa jikoni akichochea kuni, na kila mbwa alipobweka aliinuka akachungulia nje.

Kulipokucha akaenda ofisi ya chama cha wakulima wa mboga. Tangu biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi kuanza kupanda milima, chama kilikuwa na kompyuta ya kuandikiana nao barua pepe, na wenye watoto ng'ambo walifunguliwa akaunti yao humo. Karani alikuwa Hassani, yule ambaye Mwanamisi aliikataa posa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumeingia nini?"

Hassani akabonyeza kidogo, ndipo akamgeuzia kioo. "Hakuna kilichoingia. Rudi kesho uangalie." Kisha akacheka. "Anayekula tende atakumbuka ugali wa bada wa mama?"

Mwajuma hakuijua kompyuta, lakini macho alikuwa nayo. Kila alipokuja, Hassani alibonyeza kwanza, na safu ya maneno iliyokuwa upande wa kushoto ikatoweka. Akatoka, akaketi kwenye benchi kama mtu anayepumzisha magoti. Hassani alipokwenda kupakia kabichi kwenye lori, akaingia tena. Ndani alikuwamo Elinuru, mhasibu, binti wa Mlalo.

"Mwanangu, hapa kushoto huwa kuna nini?"

"Orodha ya folda. Kumbe imefichwa!" Elinuru akairudisha. Zikatokea akaunti mbili: ya chama, na ya familia, ambayo ilikuwa imekunjwa, pembeni ina alama ndogo ya kujumlisha. Akaibonyeza alama ile, akaunti ikakunjuka, na chini kabisa palikuwa na folda iitwayo Mbolea.

"Mbolea, kwenye barua za watoto?" akashangaa Elinuru.

Humo ndimo zilimokuwa barua za Mwanamisi, zote. Elinuru akapekua zaidi, akakuta programu imeagizwa kwamba lolote litokalo kwa Mwanamisi litupwe huko moja kwa moja. Akasoma ya mwisho kwa sauti: "Mama, nimeandika mpaka nimechoka. Kama umenikasirikia kwa kuondoka, sitakusumbua tena."

Hassani akawakuta. "Aa, hiyo ni hitilafu ya programu, mama."

"Hitilafu inasoma barua?" Elinuru akamgeukia. "Isiyofunguliwa huwa na maandishi mazito. Hizi zote umeshazifungua, kaka."

Mwajuma alimwambia Elinuru aandike: "Sijakukasirikia. Niambie tu kama u mzima." Kisha akamtazama Hassani, akamtazama sana, mpaka kijana akainamisha uso.

Mwenyekiti wa chama alikata shauri: Hassani atabaki kazini iwapo Mwajuma atamsamehe. Na kwao kusamehe hakuhitaji maneno mengi. Mkosaji huja alfajiri na mtu mzima wa ukoo wake, na kuku mkononi. Ukiwafungulia mlango, yamekwisha.

Siku walipokuja, jibu la Mwanamisi lilikuwa limeshafika: "Mimi ni mzima, mama. Nilidhani umenizika." Mwajuma alilia kwa furaha jioni nzima, na kila chozi lilimkumbusha yule aliyemcheka.

"Onga mshi, Mwajuma," alisalimu shangazi yake Hassani kwa Kishambaa, ukungu umemlowesha mtandio. "Hodi! Tumekuja na kijana wetu."

Mwajuma aliwaona kupitia ufa wa ubao. Hassani alikuwa kamkumbatia kuku kama mtoto mchanga.

"Mama, nisamehe. Fungua tu."

Akausogelea mlango mpaka pumzi yake ikagonga mbao.

"Hakuna kilichoingia, mwanangu," akasema taratibu. "Rudi kesho uangalie."

Akasukuma komeo mpaka mwisho, akaenda kuchochea moto.