Jina la Ubatizo Kaburini

Bibi yangu alifariki mtaani kwetu Cimpunda mwaka ule serikali ilipopiga marufuku majina ya Kikristo. Kabla ya kufa aliomba kitu kimoja tu: azikwe kwa jina lake la ubatizo.

Aliyekuja kumzika ni katekista wetu. Ndiye aliyetufundisha katekisimu, akitupiga vidole kwa rula mpaka tujibu bila kukwama kwamba Mungu habadiliki, na akishamwita mtu kwa jina hamsahau kamwe. Lakini pale kaburini alimwona mtu wa chama tawala amesimama pembeni na koti lake la abakosti, lile lisilo na tai walilovaa watu wa serikali, akamtaja bibi kwa jina jipya la kitambulisho, jina ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kulitumia.

Mama akamkatiza. "Papa katekista, huyo unayemuzika ni nani? Mimi simujui."

"Maman, pole pole," alinong'ona. "Niko na watoto."

"Na Mungu naye anaogopa chama? Amebadilisha majina yetu kule juu?"

Katekista aligeuza ukurasa, akaendelea kusoma. Hasira iliyonishika pale ninayo hadi leo. Alitupiga ili tuamini kwamba Mungu hageuki, kisha yeye akageuzwa na koti.

Mama akainama juu ya shimo, akaliita jina la ubatizo kwa sauti iliyofika barabarani. Wanawake wote wakaitikia, kama katika litania ya watakatifu: "Utuombee!" Akaita tena, wakaitikia tena, mpaka katekista akafunga kitabu chake.